Mwaka wa Spika Tano

Odilo tulimzika Jumamosi. Wasifu wake ulisomwa na mtoto wa dada yake, kijana mwenye suti iliyombana mabegani, akisoma kwenye simu na kuinua kichwa kila baada ya sentensi mbili kama watangazaji. Akasoma kuzaliwa, ubatizo, shule, ndoa, watoto wanne, wajukuu. Halafu akafika mahali ambapo, bila kujua, nilikuwa napangojea: "Marehemu atakumbukwa na wana Ifakara kama mtu wa kwanza kuonyesha video zenye tafsiri ya Kiswahili hapa mjini kwetu." Watu wakaguna kukubali. Mama mmoja tuliyekaa naye mkeka mmoja chini ya turubai akasema, "Kweli jamani, tulikuwa tunacheka pale mpaka mbavu zinauma." Nikamtazama. Umri wetu haupishani sana, kwa hiyo huenda alikuwepo kweli. Nikamuuliza kwa upole, maana ulikuwa msiba, "Na aliyekuwa anatafsiri alikuwa nani vile?" Akafikiri kidogo huku akifunga upya kilemba chake. "Si huyo huyo marehemu?" Nikamwambia huenda. Mbele yetu mjane wake, Kristina, alikuwa akilia taratibu, mwanamke mpole ambaye sina ugomvi naye hata chembe. Nikajifunika kanga vizuri nikanyamaza.

Sasa nimerudi nyumbani na sinyamazi tena. Nimefundisha Kiingereza shule ya msingi miaka mingi, sauti imekwaruzika kwa chaki na kupiga kelele, na wanafunzi wangu wananiita Madamu Tekla mbele yangu, nyuma yangu wananiita jina jingine ambalo nalijua. Mtu akisema si vizuri kumgombeza maiti, mimi nitamwambia kwamba alipokuwa hai nilimwona mara nyingi, sokoni, kanisani, kwenye foleni ya benki, na kila mara aliniamkia kwa heshima, akaniuliza habari za shule, akaondoka. Miaka yote hiyo hakuligusa jambo hili, wala mimi sikuligusa. Hilo ndilo kosa langu, na nalijutia. Ningelimwambia usoni angalau mara moja, leo ningelia msibani kama watu wengine.

Ulikuwa mwaka wa tisini na nane, baada ya zile mvua kubwa zilizoziba barabara, nami nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Odilo alikuwa na miaka ishirini na saba, na alikuwa na chumba cha video. Chumba chenyewe kilikuwa ghala la mpunga la marehemu baba yake, matofali ya kuchoma na bati, karibu na njia ya kuelekea stesheni ya reli. Madirisha aliyaziba kwa nailoni nyeusi. Mabenchi yalikuwa mbao zilizowekwa juu ya matofali, za mbele fupi kwa ajili ya watoto, za nyuma ndefu. Harufu ya pumba haikutoka kamwe. Ukikaa humo saa mbili unatoka nayo kwenye nywele. Mbele kulikuwa na meza, juu ya meza televisheni, chini yake deki, na pembeni amplifaya kuukuu iliyowahi kutumiwa na bendi ya muziki wa dansi, nzito, upande mmoja umeungua, na spika mbili kubwa zenye vitambaa vilivyoliwa na panya. Amplifaya hiyo ilikuwa na tundu la maiki. Zote tulizozijua zilikuwa nalo. Amplifaya Ifakara zilifika kwa njia mbili tu, kanisani au kwenye bendi, na kote huko kazi yake ni kumpa mtu sauti. Hakuna aliyewahi kufikiri inaweza kutengenezwa isiyo na tundu, kama usivyofikiri utauziwa chungu kisicho na mdomo.

Niliingia mle kama mtazamaji, na mchumba wa Odilo vilevile, uchumba ule wa kujulikana na kila mtu kabla barua ya posa haijapelekwa. Kiingereza nilikuwa nacho kidogo cha shule, na kingine nilikipata nyumbani kwa daktari mmoja mgeni nilikofanya kazi za ndani miaka miwili, nikiwapikia na kusikiliza na watoto wake hadithi za Kiingereza za kwenye kaseti. Siku moja mwezi wa nne, picha ya mapigano ikiendelea, mama muuza samaki aitwaye Mama Kandida aliyeketi nyuma yangu akanigusa bega: "Mwanangu, huyu anagombana na nani, na kwa nini?" Nikamwambia. Akaniuliza tena. Nikamwambia tena. Benchi lake likaanza kusogea kusikiliza, kisha benchi la pili, mpaka mtu mmoja wa nyuma akalalamika kwamba wenzake wanaambiwa na yeye haambiwi. Odilo mwenyewe ndiye aliyenipa maiki. Nakumbuka alivyoipuliza kwanza, akaipangusa kwa shati lake, akanikabidhi akitabasamu, akasema, "Haya, Tekla, waambie na hawa." Siwezi kumnyima hilo. Alinipa kwa mkono wake.

Kazi ile nilijifundisha mwenyewe, na nitaieleza, kwa sababu kwenye wasifu haikuelezwa. Asubuhi nilikuwa naitazama kanda peke yangu na daftari, milango imefungwa, nikiandika nani mume wa nani na nani anamdanganya nani. Mchana mkono wa kulia ulishika maiki, wa kushoto ulikaa kwenye kitufe cha sauti cha amplifaya. Watu wa kwenye picha wakianza kusema, unawashusha, unasema wewe; wakianza kupigana, unawapandisha, unanyamaza, unameza mate. Ukichelewa kushusha unamezwa, ukichelewa kupandisha watu wanakosa utamu. Mahali nisipoelewa, nilitunga. Kuna jambazi mmoja wa picha ya Kichina nilimfanya mtu wa kijiji cha Kisawasawa anayegombania mpaka wa shamba na shemeji yake, na watu walilia kwa kucheka, na mzee mmoja aliyetoka huko alisimama akasema, kwa dhati kabisa, kwamba anamfahamu mtu huyo. Vikongwe wote niliwapa lafudhi ya Kindamba ya bibi yangu. Majambazi niliwapa sauti nzito ya kutoka tumboni, wachumba sauti ya puani. Nilikuwa msichana mwembamba niliyesimama pembeni mwa televisheni, na watu sabini walikuwa wananisikiliza mimi. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, tangu siku hiyo hadi leo, na nasema hivyo nikiwa nimezaa na kulea.

Ilipofika mavuno, mwezi wa sita, watu walirudi kutoka mashambani walikohamia tangu kilimo, wakatoka Mchombe na mpunga wao kuja kuuza, na kabla ya kurudi walipita kwetu. Hapo ndipo nilipoanza kusikia watu wakisema njiani, "Twende kwa Tekla." Chumba kilikuwa na jina, Odilo alilichora mwenyewe mlangoni kwa rangi nyekundu, jina lake la ukoo, lakini hakuna aliyelitaja. Kwa Tekla. Vijana wa stesheni wakamtania Odilo, wakimwita mlinzi wa Tekla, kwa sababu yeye ndiye aliyekaa mlangoni kupokea watu. Yeye alicheka. Mimi pia nilicheka, na ndipo nilipokuwa mjinga, maana mtu unayeishi naye karibu unapaswa kusikia kicheko chake kinapobadilika. Mimi niliyejisifu kwa masikio sikusikia kitu.

Mama yake alisikia. Nilikuwa nakula kwao mara tatu au nne kwa wiki, kwenye jiko la nyuma lenye paa la nyasi, wali mweupe wa bonde wenye harufu yake na perege wa nazi, au kambale mkavu kama perege hawakupatikana. Mama Odilo alikuwa mwanamke safi, mchapakazi, asiyepandisha sauti. Siku moja nilimwamkia, "Shikamoo, mama," akaitikia, "Marahaba, mwanangu, karibu," akanipakulia. Akaniacha nile tonge kama tatu. Kisha akasema, huku akichagua mchele kwenye ungo, "Juzi nilipita pale kwenye video yenu. Nikasikia sauti ya mwanaume anatukana. Nikauliza ni nani, wakaniambia ni mkweo mtarajiwa." Nikacheka, nikamweleza kwamba yule alikuwa jambazi, lazima atukane. Akasema, "Najua, mwanangu. Jambazi atakwenda zake. Wewe utabaki na sauti yake." Akaniongezea samaki. Hakusema tena siku hiyo wala siku nyingine, na mimi nilikula, nikaosha vyombo, nikarudi kumtukania jambazi wa onyesho la saa kumi.

Mwezi wa nane amplifaya ikaanza kufa. Ilikuwa ikichemka, inanuka, sauti inakuja na kukatika katikati ya sentensi, nami nabaki nikichezesha mdomo. Fundi redio wa sokoni, tuliyemwita Fundi Chogo, aliifungua mara tatu, mara ya nne akakataa kuifungua. Odilo akasema hata deki imechoka, twende Morogoro tukanunue vyombo vipya, vya kisasa, na wewe Tekla twende wote kwa sababu wewe ndiye mwenye masikio. Nilijisikia mtu. Tuliondoka na basi la alfajiri, tukapita miwa yote ya Kidatu, na njia nzima Odilo alikuwa akisema jinsi chumba kitakavyokuwa: ataweka dari, atapaka chokaa, mabenchi ya nyuma atayainua. Alisema "tutafanya" na "tutaweka." Tulikula pilau kwenye hoteli moja karibu na stendi, akanikatia kachumbari, akanipa na nyama yake moja. Nalikumbuka hata tonge lenyewe, na mara nyingi nimejiuliza kama pale mezani alikuwa ameshaamua au bado.

Duka lilikuwa la Bwana Karimu, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na nyuma ya duka alikuwa na chumba kidogo chenye zulia na kochi, cha kusikilizia. Akatuonyesha seti mbili. Ya kwanza ilikuwa na spika mbili ndefu zenye taa zinazowaka rangi rangi, na mbele ya amplifaya kulikuwa na matundu mawili. Alipoiwasha, vioo vya dirisha vilitetemeka. Bwana Karimu akasema, "Hii watu wa harusi wanaipenda sana, dada." Mimi nikakunja uso. Ilikuwa inapiga kelele kama debe, besi juu ya besi, maneno hayasikiki. Ya pili ilikuwa nyeusi, tulivu, isiyo na taa ila kioo kidogo chenye mwanga wa kijani, na ilikuwa na spika tano ndogo: mbili mbele, moja katikati, mbili akazipachika nyuma ya kochi, na boksi la besi akaliweka chini kwenye kona. Alisema huko Ulaya watu wanafunga hii sebuleni, nyumba inakuwa sinema. Akaniketisha katikati ya kochi, akazima taa, akaweka kanda.

Ilikuwa mvua. Mtu alikuwa akitembea kwenye mvua, na mvua ile ilinyesha nyuma yangu. Niligeuka. Bwana Karimu akacheka, kumbe kila mtu hugeuka. Halafu mlango ukafunguliwa kushoto, hatua zikapita mbele yangu zikaenda kulia, na mwanamke akasema neno moja polepole, kutoka katikati kabisa, nami nikasikia mpaka pumzi aliyoivuta kabla ya kulisema. Nikafumba macho. Niseme ukweli wote, kwa kuwa ndio uliobaki: sikuwa namfikiria mwanamke yule, wala watazamaji, wala Odilo. Nilikuwa najifikiria mimi. Nilisikia sauti yangu ikitoka kwenye spika ile ya katikati, safi, bila mkwaruzo, kikongwe wangu akisema huku na jambazi wangu akijibu kule, na watu wa Mchombe wakigeuka. Nikafumbua macho nikasema, "Hii." Odilo alikuwa amesimama karibu na pazia. "Una hakika?" akaniuliza. "Hii hii," nikasema, "ile nyingine wapeni watu wa harusi." Bwana Karimu akaniangalia kwa heshima, akamwambia Odilo, "Mkeo ana sikio." Kisha wao wawili wakatoka kwenda mbele dukani kumalizana, mimi nikabaki kwenye kochi nikitamani nirudishiwe ile mvua mara moja tena.

Sikuitazama amplifaya kwa karibu. Naweza kuwaelezea mpaka leo rangi ya zulia lile, lakini uso wa mashine yenyewe sikuukagua, kwa sababu nilikwenda kuchagua kwa masikio na nilikuwa najivunia hilo. Kurudi tulikuwa na maboksi mapajani. Boksi la besi nililibana katikati ya miguu yangu kuanzia Morogoro hadi Ifakara lisiguswe na vumbi, magoti yakafa ganzi, na kila basi liliporuka shimo nililikumbatia. Wakati huo Odilo alikuwa amelala, au amefumba macho.

Tulifunga vyombo siku mbili baadaye, Fundi Chogo juu ya ngazi akipitisha nyaya kwenye maboriti, mimi chini nikimwelekeza, shusha kidogo, geuza ielekee mabenchi. Tulipomaliza nikachukua maiki yangu kwenye sanduku, nikaenda mbele ya mashine kuchomeka. Nikatafuta. Nikapapasa mbele, nikaigeuza nyuma, nikamwita Fundi. Akavaa miwani, akapapasa pia. "Hii haina, dada," akasema. "Hii ni ya kusikiliza tu. Mpaka upate mikisa, mashine ndogo ya katikati, nayo labda Dar es Salaam." Nikamwangalia Odilo. Alikuwa anafagia vipande vya nyaya. Akasema, "Ah. Basi tutaagiza, baada ya msimu." Nikasema basi kwa sasa tuiwashe ile kuukuu pembeni, hata ikikatikakatika nitasema hivyo hivyo. Akasema ile kuukuu hanayo tena, amewapa wanakwaya wa Masagati, wameshaipakia kwenye treni ya kwenda Mlimba. Nikamuuliza lini. Akasema jana. Masagati ni mbali hata leo. Nikairudisha maiki kwenye sanduku, nikazungusha waya wake vizuri kama ninavyofanya siku zote.

Onyesho la kwanza chumba kilijaa mpaka watu wakakaa chini. Risasi ya kwanza ilipotoka nyuma, benchi zima la watoto lililala chini, kisha likaangua kicheko. Watu waliguswa, walishangaa, walipiga makofi. Helikopta ilipita juu ya vichwa vyao kutoka nyuma kuja mbele, na wanaume wazima walitazama bati. Mimi nilisimama pembeni mwa televisheni, mahali pangu, mikono mitupu, nikingoja watu wa kwenye picha waanze kusema, kwa sababu hapo, nilijua, mtu atauliza. Wakaanza kusema. Wakasema muda mrefu, Kiingereza kitupu, mume anamwambia mke jambo zito, mke analia. Hakuna aliyeuliza. Walikaa kimya wakingoja risasi. Nilijiambia ni ugeni tu, vyombo vipya, kesho wataanza kunitafuta. Nikangoja kesho. Nikangoja wiki ya kwanza, nikangoja ya pili. Njiani niliwasikia wakisema, "Twende kwenye spika tano."

Wiki ya tatu nilikuwa kwa akina Odilo, mchana, nimetumwa ndani kuchukua chupa ya chai. Chumba kile kilitenganishwa na ua kwa ukuta wa mabanzi uliokandikwa nusu tu. Mama Odilo alikuwa anapepeta, nasikia ungo ukipiga chwa, chwa, halafu ukanyamaza. Akasema, "Na akijua je?" Odilo akasema, "Atajua nini, mama, alichagua mwenyewe. Yule mzee wa duka nilimuuliza tukiwa mbele, kama kuna pa kuchomekea maiki. Akaniambia hii haina, chukua ile nyingine. Nikamwambia tufungie hii hii." Mama yake akasema, "Umefanya vizuri. Ungemkataza angekuchukia. Sasa atasahau, na barua tunaweza kupeleka." Ungo ukaanza tena. Nilisimama na chupa mkononi. Nilikuwa na uwezo wa kuipasua chini, kutoka, kuwaambia yote mbele ya majirani. Nikatoka nayo, nikawamiminia chai wote wawili, nikaweka sukari ya Odilo vijiko viwili nikakoroga. Akasema asante. Hasira niliyokuwa nayo ilikuwa kubwa mno, haikupita mdomoni. Na chini ya hasira kulikuwa na jambo jingine baya zaidi: nilitaka kwanza nione kama watu wananitaka. Kama wananitaka, Odilo si kitu. Ningemhama yeye, ningemhama na mama yake, ningesimamia chumba kingine chochote chenye televisheni na mtu mmoja anayeuliza huyu anagombana na nani.

Kwa hiyo Jumapili ile baada ya misa, onyesho la saa tisa, niliingia nikaenda kusimama mahali pangu. Usiku kucha nilikuwa nimeipanga ile picha kichwani, kanda nzuri, mama na watoto wake wawili wanaogombania nyumba, picha ya maneno ambayo bila maneno haina kitu. Chumba kilikuwa kimejaa. Mama Kandida alikaa benchi la pili na wenzake watatu wa sokoni, wamevaa kanga mpya. Odilo alikuwa mlangoni, rimoti mfukoni. Mama wa kwenye picha alipofungua mdomo, nami nikafungua wangu. Bila maiki, kutoka tumboni, kwa sauti ya bibi yangu: "Wanangu, nyumba hii baba yenu aliijenga kwa mikono." Watu wa mbele wakageuka. Mmoja akacheka, moyo ukanipanda. Nikaendelea, mtoto mkubwa akajibu, nikambadilishia sauti, nikainua mkono. Ndipo nilipoona mistari midogo ya kijani ya kupimia sauti kwenye uso wa mashine ikianza kuongezeka, mmoja, mwingine, mwingine. Nikatazama mlangoni. Odilo alikuwa ameshika rimoti, ananitazama machoni, na wala hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayemsubiri mwenzake amalize ili waende nyumbani. Nikapandisha sauti. Akapandisha. Nikapiga kelele mpaka koo likaniwasha, nikisema maneno ya yule mama, msiuze, msiuze nyumba ya baba yenu, na spika tano zikanijibu kutoka kila upande kwa lugha ambayo mle ndani niliielewa mimi peke yangu.

Mtu akanishika kanga. Alikuwa Mama Kandida. Nikainama, nikidhani anataka kuniuliza. Akanisemesha sikioni ili nisikie, kwa upole kabisa, kama mtu anayemsaidia mtoto wake asiaibike: "Kaa chini, mwanangu. Unatuharibia, hatusikii." Wenzake wakasogea, wakanipa nafasi kwenye benchi. Nyuma yangu mwanaume mmoja akasema, "Dada, kaa basi." Nikamtazama Mama Kandida, nikamuuliza, "Kwani mnaelewa wanachosema?" Akatikisa kichwa huku macho yake yako kwenye televisheni. "Hatuelewi," akasema. "Lakini sikia."

Nikakaa. Bega langu lilikuwa limegusana na bega lake, mikono nimeiweka mapajani. Mama wa kwenye picha alivuta pumzi kutoka katikati, mlango ukafungwa kushoto, mvua ikaanza kunyesha nyuma yetu, na watu wote sabini wakageuka pamoja kuitazama. Mimi sikuwa na haja ya kugeuka. Nilikuwa nimechagua vizuri.